Kofia Saba za Bi Sijashindwa

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyolikamilisha kidogo kidogo kwa miaka mingi, lilikuwa hivi: Bi Sijashindwa, binti wa mchimba visima aliyechimba kisima kizuri akasahau kuacha ngazi, mjane wa seremala wa vitanda, mama wa mwana mmoja mwenye kazi ya mezani, mshona mito na magodoro ya sufi, mshindi wa ugomvi wa mtaro wa maji machafu, na mtu pekee katika mitaa yote ya jirani aliyewahi kumfukuza mwizi kwa kumpiga na mto, tena mto mpya, ambao mteja wake alikuwa hajaulipia.

Hilo la Sijashindwa alilipata darasa la tatu, siku ya mashindano ya kukimbia ndani ya magunia. Alianguka kabla hata filimbi haijamaliza kulia. Mwalimu akamwinamia, "Pole, mwanangu, umeshindwa." Yeye akajibu kutoka ndani ya gunia, "Sijashindwa, mwalimu. Nimekaa." Wenzake walifika mwisho, wakapewa penseli zao, wakarudi, wakamkuta bado hajashindwa.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, na huo ukumbi ndio ulikuwa kiwanda. Magunia ya sufi yalipangwa ukutani hadi usawa wa dirisha. Katikati palitandikwa mkeka, na juu ya mkeka alikaa yeye na fimbo zake mbili nyembamba, anaipiga sufi mpaka inainuka kama povu la sabuni. Aliyeingia pale na kidevu kitupu alitoka na ndevu nyeupe. Mtoza kodi wa soko aliwahi kuingia kijana akatoka mzee wa heshima, na watu wakamwamkia njia nzima mpaka ofisini kwake.

Sasa, sufi ina adui mmoja tu duniani, nayo ni maji. Na paa la Bi Sijashindwa lilikuwa limefika mahali ambapo maji yaliingia bila kubisha hodi. Mabati yale aliyapigilia marehemu mumewe mwaka waliooana, na yalikuwa yameliwa na kutu mpaka ukiyatazama mchana unaona nyota. Matundu yalikuwa mengi hata akayapa majina ili asiyachanganye. Lililokuwa juu ya kitanda liliitwa Karani, maana lilitona polepole na halikujali una shida gani. La karibu na meza liliitwa Shemeji, kwa sababu halikuonekana mpaka chakula kipakuliwe. Na lile kubwa, juu ya magunia ya sufi, liliitwa Mkutano, kwa kuwa likishaanza hakuna ajuaye litaisha lini.

Mwanawe alikuwa mtumishi wa ofisi ya maji. Siku moja alikuja kumsalimu mama yake mvua ikinyesha, akamkuta ameketi kitandani chini ya mwavuli, anashona foronya.

"Mama," akasema, "mimi nalipwa mshahara kupelekea watu maji majumbani. Wewe unayapata bure. Wakubwa wakijua nitafukuzwa kazi."

"Basi wasijue. Kaa hapo. Si hapo, hapo ni kwa Shemeji."

Kijana akahama kiti mara tatu, mwisho akabaki amesimama. Akasema lililomleta. Yeye na mkewe walikuwa wamezungumza. Mama ahamie kwao. Kitanda kipo, chumbani kwa watoto.

"Kitanda kipi?"

"Cha juu."

"Cha juu ya nini?"

"Juu ya cha chini, mama. Ni kitanda cha ghorofa."

Bi Sijashindwa akaweka sindano chini. Nyumba ya mwanawe aliijua. Ilikuwa nyumba nzuri, hakatai. Kulikuwa na ndala za sebuleni, ndala za jikoni na ndala za bafuni, na mgeni asiyejua angeweza kuvuka mpaka bila kibali. Mkwewe alikuwa na kitambaa cha kupangusia vumbi na kitambaa kingine cha kupangusia hicho kitambaa. Katika nyumba hiyo, hata unyoya mmoja wa sufi ungeitiwa zimamoto. Kuhamia kule kulikuwa na maana moja tu: fimbo mbili ziwekwe juu ya kabati, sindano zifungwe kwenye kitambaa, naye apande ngazi kila usiku kama kuku.

"Nitaezeka paa jipya," akasema.

"Kwa fedha gani?"

"Nusu yako, nusu yangu."

Kijana akakuna kichwa. Akakubali, lakini kwa sharti, maana ofisini kwao walikuwa wamezoea masharti. "Sawa. Nusu nakupa leo. Lakini bajeti ni yako. Paa likamilike kabla ya mvua kubwa, na usiniombe hata senti ya nyongeza. Ukiniomba tu, mama, unafunga virago, unakuja kwetu. Tumeelewana?"

"Atakayeomba, ahame."

"Hivyo hivyo."

"Jirani!" Bi Sijashindwa akapaza sauti kuelekea ukutani. "Umesikia?"

"Nimesikia toka kwenye kitanda cha ghorofa!" likajibu ukuta. Aliyekuwa nyuma yake ni muuza mayai, mama mwenye masikio ambayo kuta mbili hazikuwahi kuyazuia.

Kijana akamshauri mama yake aiweke bajeti kwenye simu. Akakataa. "Simu ikizimika, na paa nalo lizimike?" Yeye alikuwa na njia yake, ile ile aliyosomeshea mtoto huyo huyo: makopo. Akapanga matano juu ya kabati, kila moja na kazi yake, na fedha ikishaingia kopo lake haitoki kwenda kwa jirani hata nyumba iungue.

Akaitwa fundi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Misumari, si kwa sababu ya kuipigilia tu, bali kwa kuwa aliihifadhi mdomoni. Alifanya kazi na misumari mdomoni, alipatana bei na misumari mdomoni, na inasemekana hata siku ya kuposa alijibu maswali ya wakwe kupitia misumari, wakadhani ni kijana mpole. Hodari alikuwa hodari. Mwaka uliopita alianguka kutoka juu ya duka la viatu akalala kwa majuma mengi, na sasa ndiyo alikuwa anarudi kazini taratibu.

Akapanda ngazi, akapima, akagonga huku na kule, kutu ikamwagika ndani kama pilipili. Bi Sijashindwa akasimama chini, shingo juu, makopo yake yamepangwa mbele yake kwenye kiti.

"Sema, baba. Moja moja."

"Mbao," sauti ikatoka kati ya misumari. Akataja kiasi.

Kopo la kwanza likapokea.

"Mabati." La pili likapokea, tena likapokea sana.

"Misumari." La tatu.

"Mkono wangu." La nne. "Na kofia saba."

Bi Sijashindwa akalishika kopo la tano. "Umesema kofia?"

"Kofia. Saba."

"Lazima?"

"Bibi, bila kofia sifungi kazi. Jua, mvua, vyote vinaingia hapo."

Katika maisha yake alishawahi kusikia fundi akidai chai, akidai sigara, akidai nauli ya kwenda na ya kurudi. Kofia ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Lakini hakutaka kuonekana mwanamke ambaye fundi wake alipigwa na jua kichwani kwa ubahili wake. Kopo la tano likawa la kofia.

Hata hivyo hakuwa mjinga wa mapaa. Ameishi na seremala. Alijua kwamba juu kabisa, pale pande mbili za paa zinapokutana, hulazwa bati lililokunjwa ili maji yasipenye. Marehemu mumewe aliliita mgongo. Na hilo fundi hakulitaja. Akaona amtege kidogo, ajue anazungumza na mtu anayeelewa.

"Na mgongo, fundi? Mbona hujasema habari ya mgongo?"

Kule juu fundi akaacha kugonga. Halafu sauti ikatoka, laini kuliko mwanzo. "Mgongo umepona, bibi. Asante sana."

"Umepona kabisa?"

"Kabisa. Hauhitaji kitu."

"Hata msumari?"

Fundi akacheka mpaka msumari mmoja ukamponyoka. "Msumari wa nini tena, bibi! Umenyooka kama zamani."

Bi Sijashindwa akafurahi. Kumbe katika paa lote la marehemu, mgongo umesalimika. "Alijua kazi yake, mume wangu," akamwambia jirani jioni ile. "Mabati yote yameoza, ila mgongo fundi anasema umepona."

"Wanaume wa siku hizo," akasema muuza mayai, "walikuwa na migongo."

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi alipigana bei mpaka mwenye duka akashika kichwa. Mabati aliyapata chini ya bei ya juzi kwa kuahidi mto wa kukalia, maana mwenye duka alikuwa na maradhi ambayo hakuyataja ila kila mtu aliyaona akikaa. Mbao alizichagua mwenyewe, akizitazama kwa jicho moja kama bunduki. Alichookoa kwenye kopo la pili akakihamishia kopo la tano, kwa mara ya kwanza akivunja sheria yake mwenyewe, kwa sababu aliona kama kofia ni lazima, basi ziwe kofia.

Muuza nguo za mtumba alimwaga lundo zima chini.

"Fundi ni mmoja na wasaidizi wawili," alisema muuza mayai, aliyekwenda naye. "Saba za nini?"

"Za kubadilisha, mwenzangu. Jasho."

"Anabadilisha kofia kuliko mimi ninavyobadilisha shuka!"

"Wewe shuka hubadilishi. Leta hiyo ya majani, niione."

Akachagua moja pana ya majani kwa ajili ya jua kali. Akachagua ya rubani, kwa kuwa ni mtu wa kukaa juu. Akachagua ya mpishi, ndefu, nyeupe, yenye hewa. Ya sufu yenye masikio ya paka, kwa asubuhi za baridi. Ya mpira ya kuogelea, ikitokea mvua. Ya mpiga tarumbeta, yenye nyuzi za dhahabu, basi tu alishindwa kuiacha. Na ya saba ilikuwa ya arusi, buluu, yenye unyoya mrefu unaopepea hata kukiwa hakuna upepo. Kopo la tano likabaki linalia upepo mtupu.

Siku ya kazi, watu wakajaa uani kama kawaida, maana hakuna kazi inayotazamwa kwa bidii kama ya mtu mwingine. Mabati ya zamani yakashuka. Karani akashuka, Shemeji akashuka, Mkutano akavunjwa rasmi. Mbao zikapigwa, mabati mapya yakapanda yanameta mpaka kuku wa jirani wakajikwaa. Upande wa kulia ukafungwa, upande wa kushoto ukafungwa. Mawingu nayo yalikuwa yanajikusanya upande wa pili wa mji, meusi, yanasukumana kama watu wanaogombea mlango.

Pakabaki kule juu kabisa, mstari mmoja wa mbingu kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma.

"Bibi!" akaita Fundi Misumari. "Lete kofia, tufunge kazi."

Bi Sijashindwa aliungoja wito huo toka asubuhi. Akaingia chumbani, akatoka na mfuko, akaupandisha mwenyewe kwenye ngazi mpaka kipandio cha nne, na kuukabidhi kwa mikono miwili.

Fundi akautazama mfuko. Akaingiza mkono. Akatoa unyoya, na baada ya unyoya ikafuata kofia. Akatoa ya kuogelea. Akatoa masikio ya paka. Misumari ikaanza kumdondoka mdomoni mmoja mmoja, ikilia kwenye bati, ti, ti, ti, mpaka ukaisha mdomo mzima. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, watu wakaisikia sauti yake halisi, ambayo ilikuwa nyembamba mno.

"Bibi, hizi nini?"

"Kofia. Saba. Hesabu."

"Kofia za paa, bibi!"

"Paa lina kichwa?"

"Kofia! Bati la kukunja! La kufunika hapa juu, pande mbili zinapokutana!"

"Huo ni mgongo!" akapiga kelele Bi Sijashindwa, ngazi ikitikisika. "Nilikuuliza mgongo, ukasema umepona!"

"Nilidhani unaniulizia wangu! Si nilianguka kutoka juu ya duka la viatu? Nikasema, bibi huyu ana utu, wenzangu wote hawakuniuliza!"

Uani watu walikuwa hawasimami tena. Muuza mayai alikuwa ameketi chini, ameshika mbavu, kanga imemfunika uso, na kila alipojaribu kunyanyuka alisema "hata msumari?" akaanguka upya.

Bi Sijashindwa akashuka ngazi taratibu kama mtu anayeshuka kwenye gari la heshima. Moyoni maji yalikuwa yamemfika shingoni. Makopo matano yalikuwa matupu. Fundi alileta turubai lake, likaonekana lina matundu kuliko mabati yaliyoshushwa. Muuza mtumba, alipoulizwa, alisema kofia iliyokwisha kupanda paa hairudi sokoni. Na pale pale, kwenye kona ya mtaa, pikapu ya kuazima ikajitokeza, mwanawe kwenye usukani, mkewe pembeni, nyuma kamba na maboksi matupu ya kufungia vyombo. Walikuja kuona kama paa limekamilika. Walikuja wamejiandaa kwa jibu la hapana.

Tone la kwanza likaanguka.

Watazamaji wakatawanyika, wenye nyumba na mafundi wakakimbilia ndani. Bi Sijashindwa aliyasukuma magunia ya sufi upande wa kulia, fundi na wasaidizi wakamsaidia, na hawakuwahi kuvuka. Mvua ikashuka, na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimefungwa barabara, iliingia pale tu palipobaki wazi: ukuta mnyoofu wa maji, toka mlangoni hadi nyuma, ukaugawa ukumbi katikati kama pazia la duka la kinyozi. Upande huu Bi Sijashindwa, fundi, wasaidizi na sufi. Upande ule mwana, mkwe na muuza mayai, aliyeingia bila kualikwa ili asipitwe.

Maji yaliporuka kutoka sakafuni, Bi Sijashindwa akafungua mfuko, akagawa. Fundi akapata ya mpishi. Wasaidizi wakapata ya tarumbeta na ya paka. Nyingine akazirusha ng'ambo ya mvua. Mwanawe akavaa ya rubani, mkwe akaangukiwa na ya unyoya, muuza mayai akajivika ya kuogelea, ikamkaa kama aliyezaliwa nayo. Ya majani akabaki nayo mwenyewe.

"Mama!" mwanawe akaita kupitia maji. "Paa halijakwisha!"

"Limekwisha. Limepumzika."

"Inanyesha ndani!"

"Inapita. Haijakaa."

Kijana akamtazama fundi. Fundi, kwa sauti yake nyembamba, akaeleza yote, mgongo na kofia, kofia na mgongo. Kijana akauma midomo. Alijitahidi kuwa mtumishi wa ofisi, lakini ukiwa umevaa kofia ya rubani ni vigumu. Akageukia pembeni kumtazama mkewe, akitegemea huko atapata uso wa kazi.

Mkwe alikuwa ameshika unyoya usimwingie jichoni. "Mimi sioni kichekesho," akasema. "Mtu akiniambia nilete kofia saba, nitaleta nini? Hata mimi ningenunua kofia." Akafikiri kidogo. "Ila hii ya unyoya nisingempa fundi."

Ng'ambo ya maji, Bi Sijashindwa akamtazama mwanamke yule kana kwamba ndiyo kwanza analetwa arusini.

Mvua ikaongezeka. Maji yakaanza kutambaa sakafuni, taratibu, kuelekea kwenye magunia. Gunia la chini likaanza kunywa. Bi Sijashindwa aliliona. Mwanawe pia aliliona. Alilikumbuka gunia kama hilo. Utotoni alilalia moja, akasomea jingine, na ada yake yote ya shule ilitoka ndani ya magunia hayo. Akangoja mama yake aseme neno. Mama yake akatazama paa na kuimba kwa pua.

"Mama, sema tu."

Pua ikaendelea.

"Kofia zenyewe si ghali. Duka liko wazi. Pikapu iko hapo nje."

"Pikapu nzuri," akasema Bi Sijashindwa. "Ya nani?"

"Mama, sufi inalowa!"

"Nimeiona."

"Basi nakuomba!" kijana akapiga ukelele, kofia ya rubani ikamshukia machoni. "Nakuomba, mama yangu, niruhusu nikanunue hizo kofia!"

Bi Sijashindwa akaacha kuimba.

"Ameomba," akasema muuza mayai, kwa sauti ya hakimu, ndani ya kofia ya kuogelea. "Masikio yangu haya mawili. Ameomba."

"Na tulisemaje?" akauliza Bi Sijashindwa.

"Atakayeomba, ahame."

"Sasa mwanangu, nikuhamishie wapi? Cha juu sina. Nenda dukani haraka, nitakufikiria."

Kijana akatoka mbio vile vile alivyovaa, na watu waliojikinga barabarani wanasimulia hadi leo kuhusu rubani aliyepita na pikapu ya mabati yaliyokunjwa, anacheka peke yake. Mvua ilipopumua, Fundi Misumari akapanda, akaweka misumari yake mdomoni, akawa mtu yule yule tuliyemzoea. Kofia saba zikalazwa juu, moja ikipanda mguu wa nyingine, na ule mstari wa mbingu ukafutika.

Gunia moja lililowa. Bi Sijashindwa akalifungua, akaisambaza sufi yake juu ya mkeka, upande mkavu, ambao sasa ulikuwa nyumba nzima. Mkwe akapiga magoti bila kuambiwa, akaanza kuitenganisha kwa vidole. Baada ya muda alikuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani, na unyoya bado kichwani, na hakuomba kitambaa.

"Nitawalipa wewe na mumeo kwa magodoro mawili," akasema Bi Sijashindwa. "La juu na la chini. Sipendi deni lilale kwangu."

"Sawa, mama."

"Na kuna kazi nyingine nakupa, kuanzia leo." Akamsogelea, akapunguza sauti, maana ukuta wa jirani ulikuwa pale pale. "Mimi na mafundi basi. Nimewachoka, na lugha yao nimeichoka. Kesho Fundi Misumari anarudi kuweka bomba la kushusha maji ya paa. Utazungumza naye wewe. Kwanza mwambie atoe misumari mdomoni. Pili, amenishtua wakati anaondoka: anasema lile bomba linataka viwiko viwili na shingo. Kamuulize, taratibu, usimtishe: vya bati, au vya mtu?"